Maabara imesema "hakuna minyoo": je, tumetazama vya kutosha?



Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi tunaona haya kulitaja mbele za watu: kipimo cha choo kikubwa. Malaria tunaitaja hata tukiwa mezani. Presha na kisukari vivyo hivyo. Lakini mganga akisema "kesho ulete choo", tunainamisha kichwa, na wengine haturudi tena. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Basi leo tusifiche.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.5 hivi duniani wana minyoo ya tumbo inayoambukizwa kwa njia ya udongo, yaani mchango, safura na minyoo ya mjeledi. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tunao juu yake mdudu mwingine, kichocho cha tumbo, ambacho mtu hukipata kwa kuingia ziwani kuoga, kufua, kuchota maji au kuvua. Kwa hiyo neno hili linatuhusu sote, mvuvi, mama wa nyumbani na mwanafunzi.

Mama na kiberiti

Habari kama hii husikika mara nyingi katika vigango vya kando ya ziwa. Mama anamwona mwanae wa miaka 9 akidhoofu. Tumbo linamuuma, mara nyingine choo kina damu, na darasani anasinzia. Mama anampeleka zahanati, anaambiwa alete choo. Kesho yake anakuja na choo kidogo ndani ya kiberiti, amekifunga kwa karatasi ya daftari ili jirani wasijue. Mpimaji yuko peke yake na wagonjwa wamejaa barazani. Anachukua kidogo kwa ncha ya kijiti, anachanganya na tone la maji ya chumvi juu ya kioo, anatazama kwa darubini dakika mbili tatu, kisha anaandika: "Hakuna minyoo." Mama anarudi nyumbani akimshukuru Mungu.

Miaka inapita. Yule mtoto amekuwa kijana, anavua dagaa. Bandama imekua, tumbo limejaa maji, na usiku mmoja anatapika damu. Hospitali ya mkoa inawaambia wazazi kuwa ni kichocho cha tumbo cha miaka mingi, kimekwisha kuharibu njia za damu ndani ya ini. Ugonjwa ambao ungetibiwa kwa vidonge vichache umekuwa ugonjwa wa maisha.

Je, ni nani mwenye kosa? Mama alifanya alilolijua. Mpimaji naye hakusema uongo: kile alichokiweka juu ya kioo hakikuwa na yai hata moja. Kosa limo katika njia ya kupima, na katika desturi yetu ya kusoma maneno "sikuona" kama vile yameandikwa "hakuna".

Hesabu rahisi

Tuombe uvumilivu wenu, tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu.

Mtu mzima hutoa choo cha gramu 200 hivi kwa siku. Kile kidogo kinachopakwa kwenye kioo kwa maji ya chumvi ni miligramu 2 tu. Maana yake tumetazama fungu moja katika mafungu laki moja. Ni kama kununua gunia la mahindi baada ya kuonyeshwa punje tatu.

Kwa mnyoo wa mchango njia hiyo inaweza kutosha, kwa sababu jike mmoja hutaga mayai yapatayo laki 2 kwa siku. Hata punje tatu za gunia lile zitakuwa na alama yake. Lakini jike wa kichocho cha tumbo hutaga mayai kati ya 100 na 300 tu kwa siku, na karibu nusu ya hayo hayatoki nje. Hunasa katika nyama za utumbo na ini, na ndiyo yanayoleta madhara.

Sasa tuseme mtu anao minyoo ya kichocho jozi 50 ndani ya mishipa yake, na kila jozi inatoa nje mayai 150 kwa siku. Hayo ni mayai 7,500 ndani ya gramu 200 za choo, au mayai 37 au 38 kwa kila gramu. Katika miligramu 2 za mpimaji wetu hamtakuwa na yai hata moja. Itampasa apake vioo kama 13 ndipo aone yai moja. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa maana mayai hayatawanyiki sawasawa ndani ya choo, na leo yaweza kuwa mengi na kesho machache. Lakini inatuonyesha ukweli: mtu anaweza kuwa na minyoo mingi kabisa, na karatasi yake ikaandikwa "hakuna".

Njia bora zipo, tena si za gharama kubwa

Wasomaji wengine watadhani tunataka mashine za mamilioni kutoka Ulaya. La hasha. Njia tunazozitaja hapa ni za siku nyingi na vifaa vyake ni vya kawaida.

Ya kwanza ni njia ya Kato-Katz. Ilianza kwa Mjapani Kato mwaka 1954, kisha Katz na wenzake huko Brazili wakairekebisha mwaka 1972. Choo huchujwa kwenye wavu mdogo, kikajazwa katika tundu la kipande cha plastiki, tundu ambalo hupokea miligramu 41.7 bila kuzidi. Juu yake hufunikwa karatasi ya selofeni iliyolowekwa katika gliserini yenye rangi ya kijani. Gliserini hufanya uchafu uwe mwangavu, mayai yakaonekana. Mpimaji huyahesabu, akazidisha kwa 24, akapata idadi ya mayai katika gramu moja. Kwa mgonjwa wetu wa jozi 50, kioo kimoja cha namna hii kingekuwa na yai moja au mawili. Vioo viwili vya choo cha siku mbili vingeongeza zaidi nafasi ya kuyaona. Kile kipande cha plastiki huoshwa kikatumika tena na tena.

Lakini njia hii ina masharti yake. Mayai ya safura ni ya ganda jembamba, na gliserini huyafuta kabisa. Kioo kikikaa zaidi ya saa moja kabla ya kusomwa, safura haionekani tena, na mama mjamzito mwenye upungufu wa damu anaambiwa hana. Tena njia hii haifai kwa choo cha maji maji cha mtu anayeharisha.

Ya pili ni kukusanya mayai chini. Choo cha gramu moja au zaidi huchanganywa na maji, kikachujwa, kikaachwa kitulie. Mayai ni mazito, hushuka chini, na mpimaji hutazama masimbi yale. Maabara yenye fomalini, etha na ile mashine ya kuzungusha inayoitwa sentrifuji hupata matokeo mazuri zaidi kwa muda mfupi. Palipo bila umeme, ipo mashine ya kuzungushwa kwa mkono, na pasipo na hiyo, saa na subira hufanya kazi yake.

Ya tatu ni kwa ajili ya mnyoo mmoja mdogo sana aitwaye strongiloide. Huyu mayai yake huanguliwa humo humo tumboni, hivyo chooni hutoka viluwiluwi, na Kato-Katz haiwaoni. Njia yake ilielezwa mwaka 1917 na daktari Baermann, aliyekuwa akifanya kazi katika visiwa ambavyo leo ni nchi ya Indonesia. Choo kibichi hufungwa katika shashi, kikawekwa katika faneli yenye maji ya uvuguvugu. Viluwiluwi huogelea kutoka, wakazama chini ya faneli, wakakusanywa. Faneli, shashi, mpira na maji ya moto kidogo: ni zahanati gani itasema haina uwezo huo?

Siku hizi pia kuna kipimo cha mkojo cha kuonyesha kichocho cha tumbo. Tone la mkojo huwekwa kwenye kibao kidogo, na baada ya dakika 20 hivi mstari hutokea. Ni msaada mkubwa kwa vijiji vya kandokando ya ziwa, ingawa mstari hafifu mara nyingine huwatatanisha wasomaji wake, na kibao hakiwezi kutuambia habari za safura wala mchango.

"Si dawa zinagawiwa shuleni?"

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote. Kama watoto wanapewa dawa shuleni, ya nini kusumbuka na darubini?

Tunasema wazi kwamba ugawaji wa dawa ni jambo jema, na mzazi yeyote asimzuie mtoto wake. Mwaka 2001 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kuwafikia walau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio katika hatari ya kuathirika, na watoto wengi wameokoka na mateso kwa sababu hiyo. Lakini ziko sababu tatu za kutuzuia tusiishie hapo.

Kwanza, dawa si moja kwa minyoo yote. Albendazoli na mebendazoli huua mchango vizuri, lakini haziui kichocho. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli. Minyoo ya mjeledi mara nyingi haiishi kwa kidonge kimoja. Strongiloide hutaka ivamektini. Anayemeza dawa asiyoijua kwa mdudu asiyemjua huenda ametibu mwingine na kumwacha mwenye kuua.

Pili, dawa za shuleni ni za wanafunzi. Mvuvi, mama anayefua ziwani na mtoto mdogo anayeogeshwa kwa maji yale yale mara nyingi hawamo katika mstari. Hao wakiugua, tegemeo lao ni zahanati na maabara yake.

Tatu, na hili watu wengi hawalifikirii: kadiri dawa zinavyofanikiwa, ndivyo kipimo cha zamani kinavyoshindwa. Mtu wa minyoo mingi hutoa mayai mengi, hata jicho lililochoka litayaona. Baada ya miaka ya dawa, watu hubaki na minyoo michache, mayai huwa haba, na kile kioo cha miligramu 2 hutangaza kwamba ugonjwa umekwisha. Tukiamini habari hiyo na kuacha kujikinga, minyoo itarudi kimya kimya.

Hatari isiyosemwa

Yule strongiloide tuliyemtaja ana tabia mbaya kupita wenzake. Anaweza kuzaliana ndani ya mtu yule yule bila kuingia mwingine kutoka nje, akakaa miaka na miaka. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa wafungwa wa Wajapani huko Asia katika Vita Kuu ya Pili walipimwa zaidi ya miaka 30 baadaye nchini kwao, na baadhi yao walikutwa bado wanaye.

Mtu anaweza kuishi naye bila kujisikia ugonjwa, isipokuwa kuwashwa na tumbo la mara kwa mara. Lakini siku akipewa dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni, kwa ajili ya pumu au ugonjwa wa ngozi, kinga ya mwili hushuka, na viluwiluwi huongezeka mno wakasambaa hadi mapafuni na kwenye damu. Wengi wanaofikia hali hiyo hufa. Kwa hiyo kipimo kizuri cha choo kabla ya dawa hizo, au ivamektini kwa shauri la daktari pale kipimo kisipopatikana, ni jambo la kuokoa uhai. Nasi tunawasihi ndugu wanaonunua prednisoloni dukani bila karatasi ya daktari waache mara moja.

Maoni yetu

Tunajua hali za zahanati zetu. Mpimaji mmoja hupima malaria, mkojo, damu na makohozi, na choo huja mwisho. Tena tangu vilipokuja vile vibao vya kupima malaria haraka, darubini katika zahanati nyingi hufunikwa kitambaa siku nyingi, na jicho lisilotumika husahau. Hatusemi haya kuwalaumu ndugu zetu wa maabara. Tunasema ili wasaidiwe.

Tunaomba mambo manne kwa wenye zahanati, ziwe za serikali, za majimbo ya Kanisa, au za watu binafsi.

Kwanza, jibu lionyeshe njia. Badala ya "hakuna minyoo", iandikwe: "Hayakuonekana mayai, Kato-Katz, kioo kimoja", au njia yoyote iliyotumika. Wino wa ziada ni kidogo, lakini mganga atajua kama inafaa kurudia.

Pili, Kato-Katz iwe kipimo cha kawaida kwa wagonjwa wa vijiji vya ziwani na vya mashamba ya mpunga, na choo cha siku mbili kipimwe pale jibu la kwanza lisipopatana na hali ya mgonjwa.

Tatu, vioo virudiwe. Kioo 1 katika kila 10 kisomwe na mtu wa pili bila kuambiwa jibu la kwanza. Si kwa kumtafutia mtu makosa, bali kwa kusaidiana kuona.

Nne, wapimaji wapewe nafasi ya kujikumbusha kazi yao. Kisiwani Pemba iko maabara ya afya ya jamii iliyopewa jina la Mtaliano Ivo de Carneri, ambayo tangu mwaka 2000 imekuwa ikishughulika na minyoo na kichocho. Haya basi, ujuzi tunao katika nchi yetu wenyewe. Siku chache za mafunzo kwa mpimaji mmoja wa kila zahanati zitaleta faida kuliko rangi mpya ya ukutani.

Halmashauri za parokia, mnapokaa kupanga harambee, kumbukeni pia maabara. Mara nyingi tunachangia matofali kwa furaha, kwa sababu tofali linaonekana. Wavu wa kuchujia choo hauonekani na wala hauna sifa, lakini huenda ndio utakaomrudisha mtoto darasani.

Wajibu wa familia

Maabara iliyo bora haiwezi kupima vizuri choo kibaya. Wazazi, shikeni haya:

1. Tumieni chombo safi, kikavu, chenye mfuniko. Zahanati ikiwa nacho, kiombeni. Kiberiti hunyonya maji ya choo na kukikausha.

2. Leteni choo cha siku ile ile, ndani ya saa chache. Choo cha jana kina hatari ya kudanganya, kwa kuwa mayai ya safura huanguliwa kikikaa kwenye joto, na mpimaji akaona viluwiluwi wasiokuwemo.

3. Leteni kiasi cha kutosha, kama ukubwa wa kidole gumba. Kisichanganyike na mkojo, udongo wala maji.

4. Kama mnavuta damu au makamasi katika choo, elezeni. Elezeni pia kama mgonjwa huingia ziwani au mashamba ya mpunga, na dawa alizokwisha kumeza.

5. Ulizeni bila hofu: "Mmepima kwa njia gani? Inafaa kurudia?" Huko si kumdharau mganga. Ni haki ya mgonjwa.

6. Jibu likiwa "hayakuonekana", lakini mtoto bado anadhoofu, rudini. Mnyoo wa mchango, kwa mfano, huchukua miezi miwili hadi mitatu tangu kuingia hadi kutaga, na kabla ya hapo choo hakitaonyesha kitu.

Na wakati wote huo, tuendelee kuchimba vyoo na kuvitumia, kunawa mikono kwa sabuni, na kuvaa viatu shambani. Kipimo hakijawahi kuchukua nafasi ya usafi.

Kutazama mara ya pili

Katika Injili ya Marko tunasoma habari za kipofu wa Bethsaida. Bwana alimgusa, akamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu alikiri kwamba anaona, lakini si vizuri. Watu walionekana kwake kama miti inayotembea. Bwana hakumwacha aende zake akiona nusu nusu. Akaweka mikono tena, na mtu yule akaona kila kitu sawasawa.

Ikiwa Bwana mwenyewe hakuona haya kurudia kazi kwa ajili ya mtu mmoja maskini, sisi ni nani hata tuone uchovu kupaka kioo cha pili? Basi mama mwenye mtoto asiyepona, usikate tamaa kwa karatasi moja. Mpimaji, tazama tena. Na sisi wengine, tuwape wote wawili vifaa vya kutazamia.

Mungu awabariki, na awajalie afya njema ninyi na watoto wenu.